Aliyesimama Mwanzo wa Ukurasa

Mwalimu Pazi alipoingia Nyumba ya Daftari, mlinzi wa mlangoni hakumwuliza anakwenda wapi. Mwalimu alisimama mbele yake, akavua kofia, akasalimu, akangoja. Mlinzi aliendelea kumenya karanga na kupuliza maganda, na maganda mengine yakaangukia viatu vya mwalimu. Basi mwalimu akavaa kofia yake, akapita, akapanda ghorofa nne huku ameshika ukuta, kwa sababu siku hizo alikuwa haziamini tena ngazi. Kila aliyekutana naye alimpisha bila kujua kwamba anampisha, kama mtu anavyokwepa upepo wa dirishani.

Katika chumba cha mwisho cha ghorofa ya nne alikaa Siwema binti Chande, aliyeiandika programu ya Usomaji. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye tabia ya kufungua kilemba na kukifunga upya kila anapofikiri. Kwanza aliona vumbi la chaki juu ya meza yake, alama za vidole vitano. Kisha akauona mkono. Kisha, taratibu, kama macho yanavyozoea chumba chenye kiza, akamwona mwenye mkono.

"Shikamoo," alisema Siwema, maana mtu huyo alikuwa na mvi.

"Marahaba." Mwalimu alikaa bila kukaribishwa. "Wewe ni wa kwanza kunisalimu tangu Usomaji. Leo siku ya ngapi?"

"Ya tisa."

"Siku tisa." Alitazama mikono yake. "Nyumbani tuko watano. Mke wangu anapakua sahani nne. Hana ugomvi nami, usidhani. Nikikohoa anageuka, ananitafuta machoni, halafu anafunga dirisha. Wanafunzi wangu wananikuta nimesimama ubaoni, wanaambiana mwalimu hajafika, wanakwenda kucheza. Bomba la mtaani linatoa maji kwa mkono wa kila mtu. Kwangu halitoi."

Mji huo haukuwa na tarehe. Watu walihesabu umri wao kwa Usomaji: huyu kasomwa mara kumi na nane, aolewe, yule kasomwa mara sabini, apumzike. Kila ulipowadia Usomaji, mashine ya Nyumba ya Daftari ilipita juu ya majina yote ya mji, laki nne na ushei, toka herufi ya kwanza hadi ya mwisho, na kila jina lilipopitiwa, mwenye jina alihisi kitu kama unyoya ukimgusa nyuma ya sikio. Hapo alijua yupo. Wazee walisema zamani sana, kabla ya Daftari, mtu alijijua yupo kwa njaa yake, au kwa jirani kumwita. Lakini zamani hiyo hakuna aliyeikumbuka, na wengine walisema haikuwahi kuwako, ni maneno ya watu waliochoka. Ukisomwa, milango inakufungukia, mabomba yanakujua, mkeo anakuhesabu. Na usiposomwa? Swali hilo halikuwa na jibu kwa sababu halikuwa na mwulizaji. Tangu Siwema aandike ile programu, na mashine kuchukua kazi iliyofanywa kwa midomo ya makarani, ilikuwa imetangazwa kwamba hakuna anayeweza kusahaulika. Mdomo huchoka, walisema. Mashine haichoki.

Siwema alilitafuta jina la mwalimu. Pazi bin Kibwana. Lilikuwemo ndani ya Daftari, limeketi mahali pake, halina kasoro. Akafungua kumbukumbu za Usomaji, mstari kwa mstari, ili aone jina hilo lilisomwa saa ngapi. Halikusomwa. Alikuwepo Pazi bin Kibamba, kisha akafuata Pazi bin Kidari. Katikati yao hapakuwa na kitu, hata nafasi. Majina mawili yalikuwa yamekaribiana kama meno ya mtu ambaye hajawahi kung'oka jino.

Alifungua kilemba. Akakifunga.

"Mwalimu," alisema, "nipe siku moja."

"Ninazo," alisema mwalimu. "Nakuomba tu usisahau kwamba nimekuja."

Kosa lenyewe Siwema alilikuta mchana ule ule, na lilikuwa dogo, dogo kiasi cha kutia aibu. Alipokuwa akijifunza kazi hiyo aliwahi kujaribu kuuchukua mji mzima kwa pamoja, majina yote laki nne katika mkono mmoja wa mashine. Mashine ikajaa, ikagugumia, ikazimika. Ndipo akauandikia, kwa Java, lugha ya mashine iliyotumika Nyumba nzima, utaratibu wa kwenda ukurasa kwa ukurasa. Nipe elfu ya kwanza. Sasa ruka elfu moja, nipe elfu inayofuata. Sasa ruka elfu mbili. Kwa karatasi ungekuwa utaratibu mzuri, maana karatasi hutulia. Daftari halikutulia. Wakati mashine inasoma, watu walizaliwa na watu walifariki, na kila aliyefutwa huko mwanzo wa orodha aliwaacha wote waliomfuata wasogee hatua moja mbele, kama foleni ambamo mtu amechoka akaondoka. Aliyekuwa wa kwanza katika ukurasa mpya akasogea, akawa wa mwisho katika ukurasa uliokwisha kusomwa. Mashine ikageuza ukurasa. Ikaruka idadi ile ile iliyoagizwa kuruka. Ikamruka na yeye.

Hapo alisimama mwalimu Pazi: mwanzo wa ukurasa wa mia mbili sabini na moja. Hakufanya lolote. Alisimama tu pale ambapo jina lake lilimweka, mtu fulani mbali huko kwenye herufi A akafutwa, na dunia ikasogea hatua moja chini ya miguu yake.

Siwema alikaa akitazama kioo. Maneno yalimjia vipande vipande, mengine si yake.

Nilisoma. Niliwasoma wote. Wote ni nani? Wote ni wale niliowasoma.

Alihesabu akapata waliorukwa kuwa saba. Na kwa kuwa mtoto anayezaliwa huisukuma foleni nyuma, walikuwepo pia waliosomwa mara mbili, wa mwisho wa ukurasa waliosukumwa wakawa wa kwanza wa ukurasa uliofuata. Nao walikuwa saba. Mmoja wao alikuwa Kitwana mwoka mikate, na Siwema alimfahamu. Kutwa mji ulikuwa unasimulia habari zake: kwamba kila asubuhi Kitwana anafika kwenye tanuri lake akiwa na unga begani, anakuta mikate imekwisha kuokwa, bado inafuka moshi, na alama za vidole juu ya unga ni zake mwenyewe. Jana yake alikuwa amekataa kuingia nyumbani, kwa sababu aliisikia sauti yake ndani ikizungumza na wanawe.

Mkuu wa Daftari aliitwa Shomvi. Alikuwa mtu mpole, mnene, anayepaka marashi ya karafuu na kuzungumza kwa sauti ndogo hata msikilizaji analazimika kuinama. Siwema alimweleza yote. Shomvi alisikiliza mpaka mwisho, akavuta karatasi moja, akaigeuzia upande wa Siwema.

"Daftari lilikuwa na watu wangapi jioni ya Usomaji?"

"Laki nne, elfu mbili na kumi na mmoja."

"Na wewe ulisoma majina mangapi?"

"Laki nne, elfu mbili na kumi na moja. Lakini, mheshimiwa, saba hawa na saba wale..."

"Jumla imelingana, binti Chande."

"Jumla imelingana, watu hawakulingana."

Shomvi alitabasamu, kama mtu aliyeonjeshwa kitu kitamu akaogopa kukimaliza. Alisimama akaenda dirishani. Kutoka hapo alisema kwamba analielewa jambo hilo zaidi ya anavyodhaniwa. Na kwa kuwa shida ni kwamba mji unasogea, dawa yake ni kuusimamisha. Usomaji urudiwe. Daftari lifungwe tangu jina la kwanza hadi la mwisho, asiingie mtu, asitoke mtu.

Siwema alijua kwamba hilo linawezekana. Amri yake ilikuwa fupi. Alijua pia kwamba si vizuri kuufunga mji wote ili kumtafuta mtu mmoja, lakini alimkumbuka mwalimu na sahani zake nne. Akaiandika.

Waliosimulia baadaye siku ya Ufungaji hawakukubaliana ilidumu muda gani. Kwa wengine ilikuwa adhuhuri moja. Kwa wengine ilikuwa mwezi. Jua lilipanda mpaka juu ya paa la Nyumba ya Daftari, likakaa hapo. Mwewe aliyekuwa akishuka juu ya kifaranga alining'inia angani, na kifaranga chini yake hakukimbia. Uji ulikaa motoni, ukawa na moto lakini haukuchemka. Watu waliweza kuzungumza na kutembea, ila hakuna jambo lililoweza kuisha, wala jipya kuanza. Na kwa kuwa mashine ilibeba mzigo wa kuushikilia mji wote, ilisoma polepole, kurasa chache, ikapumua, kurasa chache.

Ilikuwa kwenye ukurasa wa mia na arobaini simu ilipolia. Alikuwa Tabu, mdogo wake Siwema, ambaye tangu asubuhi alikuwa zahanati na uchungu wa mimba yake ya kwanza.

"Dada," alisema Tabu. Sauti yake haikuwa ya mtu anayelia. Ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia yote. "Mtoto amesimama."

"Amesimama vipi?"

"Amefika mlangoni, amesimama. Mkunga anasema harudi wala hatoki. Uchungu nao umesimama pale pale, haupungui. Dada, pembeni yangu yuko mzee anakata roho. Haikatiki. Anatuomba radhi sisi tuliomzunguka kwamba anatuchelewesha."

Siwema aligeuka. Shomvi alikuwa ameketi nyuma yake, mikono juu ya tumbo.

"Tufungue kidogo," alisema Siwema. "Kidogo tu, mdogo wangu ajifungue."

"Ukifungua, watasogea."

"Zimebaki kurasa mia mbili na sitini. Kwa mwendo huu..."

"Uliutaka usahihi," alisema Shomvi kwa ile sauti yake ndogo. "Huu ndio usahihi. Mji mzima umevumilia. Mmoja anashindwa nini?"

Siwema alimtazama, na kwa mara ya kwanza akawaza kwamba huenda mtu huyu analipenda jua lile lililosimama. Huenda kwake hiyo ndiyo sura halisi ya mji, kila mtu mahali pake, hakuna anayefika, hakuna anayeondoka, na yeye peke yake mwenye ruhusa ya kupita kati yao akiwahesabu kwa kidole. Kuna watu wanaoogopa kifo, alifikiri, na kuna watu wanaoogopa kuzaliwa, na hawa wa pili ndio wanaopewa madaraka, kwa sababu hofu yao inafanana na utulivu.

Aliinama akaukata Usomaji.

Vyote vilivyokuwa vimezuiliwa vilitokea kwa mpigo. Uji ulifurika, mwewe akashuka. Zahanati mtoto wa Tabu alilia, na katika kitanda cha jirani mzee akashusha pumzi ndefu akanyamaza. Saa za mji zilikataa kupatana, na mpaka leo yapo maeneo mawili yaliyopakana ambamo mtu akivuka barabara anaingia katika jana. Mwalimu Pazi hakusomwa. Ukurasa wake ulikuwa bado mbali.

Shomvi hakumkaripia. "Programu ya kwanza irudi," alisema. "Ile iliyolinganisha jumla."

"Ipo njia nyingine, mheshimiwa." Siwema alikuwa ameifikiria usiku na mchana, na sasa aliieleza kwa haraka. Badala ya kuiambia mashine iruke watu kadhaa, iambiwe imshike mkono mtu wa mwisho iliyemsoma, imwulize: nani anayekufuata? Basi wakisogea wasogee, wakizaliwa wazaliwe. Hakuna kuhesabu hatua, kuna kushika jina. Na kwa kuwa majina hufanana, wako akina Mwanahamisi binti Juma kumi na mmoja, kila jina lifuatane na namba ya kuzaliwa ya mwenyewe, ambayo haibadiliki wala haigawanywi na mtu mwingine. "Haihitaji kufunga chochote. Na hata huyo wa mwisho akifariki tukiwa tumemshika mkono, mahali pake panajulikana. Anayemfuata atapatikana."

"Hapana," alisema Shomvi.

"Kwa nini, mheshimiwa?"

"Kwa sababu nimesema. Usomaji utarudiwa wiki ijayo. Na uniletee tena ile orodha ya vichwa vya kurasa, kama mara iliyopita."

Siwema alikuwa amefika kwenye ngazi ndipo maneno hayo yakamgeukia. Kweli, kabla ya Usomaji uliopita Shomvi aliomba orodha ya majina yanayoanza kila ukurasa. Alisema ni ya ukaguzi. Siwema alimpelekea mwenyewe, ndani ya bahasha.

Hii ya pili nayo aliipeleka, na kesho yake akashuka mpaka ghorofa ya chini, kwenye dawati la Wafutwao. Hapo aliketi Bi Hidaya, karani aliyekuwa katika Nyumba hiyo tangu enzi za midomo. Kazi yake ilikuwa kupokea vyeti vya marehemu na kuwafuta, mmoja mmoja. Siwema alimwamkia, akavuta kigoda.

"Bi Hidaya, wakati mashine inasoma mara ile, uliwafuta marehemu wangapi?"

"Saba."

"Walifariki siku hiyo?"

Bi Hidaya alivua miwani. "Mwanangu, mimi nimefuta watu tangu hujazaliwa. Marehemu hana haraka. Vyeti hukaa hapa wiki, wiki mbili, hakuna anayeuliza. Lakini siku ile nililetewa vyeti saba, na kila cheti kimeandikwa saa. Huyu mfute saa nne na dakika kumi na mbili, siyo kumi na moja, siyo kumi na tatu. Huyu saa tano na nusu. Nikaona ajabu. Asubuhi yake, kabla hamjaanza kusoma, nilikuwa nimeshafutishwa wengine kadhaa harakaharaka, kama mtu anayepanga kete kwenye bao. Nikafanya. Wote walikuwa wafu, nisifanye kwa nini?"

Siwema aliyapanga hayo kichwani. Kila kufuta kulikuwa halali. Marehemu alikuwa marehemu kweli, cheti kilikuwa cheti, mkono uliofuta ulikuwa mkono wa karani mwaminifu. Hakuna popote palipoandikwa jina la Pazi. Mtu alichagua dakika tu. Asubuhi aliwasogeza watu mpaka anayemtaka akaja kusimama mwanzo wa ukurasa, kisha akasubiri mashine ikaribie kugeuza ukurasa, akamwondoa maiti mmoja mbele ya foleni. Na mwalimu Pazi, alikumbuka sasa, ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa mtaa akauliza: anayetusoma sisi, yeye anasomwa na nani? Watu walicheka. Wengine sita nao, akiwatafuta, pengine atakuta kila mmoja aliwahi kuuliza kitu.

"Na wiki ijayo?" aliuliza. "Umeletewa vingine?"

Bi Hidaya alifungua droo. Kulikuwa na cheti kimoja, cha mzee Abeid bin Athumani, mmoja wa wale wa mwanzo katika orodha. Pembeni yake, kwa wino wa buluu: saa saba na dakika tatu.

Siwema alipiga hesabu pale pale, kwa kidole juu ya goti. Kwa mwendo wa mashine, saa saba na dakika tatu ukurasa wa mia tatu na kumi na nane utakuwa mkononi. Alipanda ghorofa nne bila kupumzika, akafungua Daftari, akatazama nani angesimama mwanzo wa ukurasa unaofuata.

Siwema binti Chande.

Alifungua kilemba, na safari hii hakukifunga. Alikaa na nywele wazi mpaka chai ikapoa. Halafu akaanza kuandika njia ile aliyokatazwa.

Siku ya Usomaji Shomvi alikuja mwenyewe, amevaa kanzu nyeupe, harufu ya karafuu ikamtangulia. Alikaa nyuma ya Siwema na saa yake ya mfukoni ameishika wazi kiganjani. Mashine ilianza. Watu mjini waliacha walichokuwa wakifanya, wakainamisha vichwa kidogo, wakingoja unyoya nyuma ya sikio. Akina Abdala wakapita, akina Fikirini, akina Mwanahamisi kumi na mmoja, kila mmoja na namba yake. Kwenye akina Pazi, Siwema aliuma mdomo. Pazi bin Kibamba. Pazi bin Kibwana. Mahali fulani mjini, katika nyumba asiyoijua, mwanamke aliyekuwa anapakua chakula alisita, akainuka kwenda kutafuta sahani ya tano.

"Mwendo ni mzuri leo," alisema Shomvi.

"Ndiyo, mheshimiwa."

Saa saba na dakika mbili. Siwema aliisikia saa ikigonga nyuma ya shingo yake. Saa saba na dakika tatu. Huko chini Bi Hidaya alibonyeza kitufe, marehemu Abeid akatoka katika Daftari, na watu laki nne wakasogea hatua moja. Siwema aliusikia mwendo huo ndani ya mifupa, kama mtu aliyelala ndani ya gari linaloanza kuondoka. Ukurasa ukageuka. Nini kipo kati ya ukurasa na ukurasa? Hakuna kitu hapo; hakuna sakafu; na muda wake ni mfupi kuliko kope kupepesa, lakini humo umewahi kuingia mwalimu mzima na kofia yake. Mashine ilimshika mkono Siwema binti Bakari, ikamwuliza: nani anayekufuata?

Siwema binti Chande.

Unyoya ulimgusa nyuma ya sikio.

Shomvi alifunga saa yake. Alisogea karibu na kioo, akalisoma lile jina mara mbili, midomo ikicheza. Alipozungumza hakuwa na hasira. Alikuwa na kitu kama uchovu.

"Umeibadilisha."

"Ndiyo."

"Unajua umefanya nini? Lile lilikuwa kosa lisilo na mwenyewe. Mtu akipotea, hakuna wa kumlaumu; mashine imeteleza, mji umesogea, bahati mbaya. Hata yeye mwenyewe alijilaumu. Nililitumia kwa huruma, binti Chande. Kwa watu saba mji ulikaa kimya. Wenzangu wa miji mingine wanatumia panga."

"Basi sasa tumia mkono wako," alisema Siwema.

Shomvi aliagiza Bi Hidaya aitwe. Alikuja taratibu, goti likimsumbua, na alipoambiwa amfute binti Chande, aliye hai, alisema hiyo inahitaji fomu nyingine. Ipo tangu enzi za midomo. Haijawahi kutumika. Aliileta ikiwa na vumbi, akaipangusa kwa upindo wa khanga yake, akaiweka juu ya meza.

"Hapa jina la anayefutwa," alisema. "Hapa jina la anayefuta, kamili, na la baba yake. Hapa sahihi. Na sheria inasema nakala ibandikwe mlangoni pa Nyumba."

"Hilo si lazima," alisema Shomvi.

"Ni lazima, mheshimiwa. Nikifuta bila hiyo, hatakuwa amefutika."

Shomvi alishika kalamu. Siwema hakumtazama, alitazama kioo, ambapo akina Siwema walikuwa wamekwisha, wakaingia akina Sudi, akina Tabu, na Tabu wake miongoni mwao, na mbele huko mtoto wa Tabu, Yusra, asomwe kwa mara ya kwanza. Alisikia kalamu ikikwaruza karatasi kwa muda mrefu kuliko majina mawili yanavyohitaji. Kisha akahisi kitu kikimtoka, wala hakikuuma, kama mtu aliyekuwa akimtazama kutwa nzima ameondoa macho. Vidole vyake vikawa vyepesi juu ya vitufe, na vitufe havikushuka. Lakini mashine haikumhitaji tena. Ilikuwa imemshika mtu mkono, na yule mwingine, na mwingine. Yusra alipita. Akina Zuwena walipita. Wa mwisho alikuwa Zuwena binti Zuberi, na mashine ikauliza nani anayekufuata, ikajibiwa hakuna, ikanyamaza. Hakuna aliyekuwemo ndani ya Daftari aliyerukwa.

Aliteremka ngazi. Mlinzi alikuwa akimenya karanga, hakuinua uso. Nje palikuwa mchana mkali. Alikwenda kwenye bomba la ukutani, akaweka mkono chini yake, akangoja. Bomba lilikaa kavu. Alifikiri: ndivyo alivyosimama mwalimu. Alifikiri: siku tisa. Alijaribu kulitamka jina lake mwenyewe, na lilitoka kinywani kama jina la mtu aliyemsikia zamani kwa majirani.

Watu walikuwa wanakusanyika mlangoni. Bi Hidaya alikuwa amebandika fomu kwa misumari minne, mmoja kila pembe, akarudi ndani. Kwanza walisimama wawili, kisha kumi, kisha hapakuwa na nafasi. Mji huo ulikuwa umezoea kusomwa. Kusoma haukuzoea. Wale wenye kujua herufi walikaza macho, wengine wakawauliza, na sauti zao zilikuwa za chini, kama watu waliomkuta nyoka kalala.

Siwema alijipenyeza kati yao. Walimpisha bila kujua. Mbele kabisa alisimama mwanamke mwenye sinia la vitumbua kichwani, kidole chake kikifuata mstari wa kwanza, akiunganisha silabi kwa shida, moja moja, kwa sauti.

"Si. We. Ma. Siwema. Bin. Binti. Cha, Chande."

Akarudia lote kwa pamoja. Nyuma yake mtu akalirudia, na mwingine akamwuliza ni nani huyo, na mwingine akajibu kwamba ni yule dada wa ghorofa ya nne. Nyuma ya sikio lake hapakuguswa na unyoya wowote. Mwanamke wa vitumbua ndiye aliyegeuza shingo, kwa uangalifu, sinia lisianguke, akamtazama usoni.

"Dada," alimwambia, "wewe macho yako mazuri. Hili la kwanza nimeliweza. Hili la chini, la aliyefuta, mwandiko wake mbaya. Limeandikwa nani?"

Umati ulisogea kumsikiliza. Madirisha ya ghorofa ya nne yalikuwa wazi, na katika mojawapo ilionekana kanzu nyeupe. Siwema alisogea karibu na karatasi, akaweka kidole chini ya mstari wa pili, akawasomea.

"Shomvi," alisema. "Shomvi bin Mgeni."

"Soma tena," alisema mtu wa nyuma. "Huku hatukusikia."